Kibodi nyembamba ya mekanika isiyo na waya: MX Mechanical Mini, Keychron K3 au NuPhy Air75?

Chapa sentensi hii: "wanafunzi wa darasa la nane wameandaa maandamano". Ina herufi 42, na 16 kati yake ni a. Kwa anayechapa kwa vidole vyote kumi, a zote hizo ni mzigo wa kidole kimoja tu, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakina nguvu za wenzake. Anayeandika Kiswahili kutwa nzima, awe mwandishi wa habari, mfasiri, karani wa mahakama au mwanafunzi anayekimbizana na tasnifu, ana sababu yake mwenyewe ya kuangalia uzito wa swichi kabla ya kuangalia taa na rangi. Ndipo ninapoanzia.

Kibodi ninazolinganisha ni tatu: Logitech MX Mechanical Mini iliyotoka mwaka 2022, Keychron K3 pamoja na ndugu zake K3 Pro na K3 Max, na NuPhy Air75 V2. Zote ni nyembamba, zote hufanya kazi bila waya, zote zina vitufe vya mishale na safu ya F1 hadi F12, na zote hukumbuka vifaa vitatu kwa Bluetooth, kwa hiyo unaweza kuhama kutoka laptopu ya kazini hadi simu kwa kubonyeza kitufe kimoja au viwili. Hakuna yenye ubao wa namba upande wa kulia. Lofree Flow ya mwaka 2023 nimeiacha nje: mwili wake ni wa alumini na inapendeza mkononi, lakini toleo hilo lina Bluetooth na waya tu, na kwa mazingira ya Nairobi hilo ni pungufu kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza, mekanika ni nini. Kibodi ya kawaida ya dukani ina utando wa raba chini ya vitufe. Unakandamiza mpaka chini ndipo herufi itokee. Kibodi ya mekanika ina swichi kamili chini ya kila kitufe, yenye springi yake, na herufi hutokea kabla kitufe hakijafika chini. Swichi ya kimo cha kawaida, kama Cherry MX ambayo wengi waliifuata, husafiri milimita 4 na kushika kwenye milimita 2. Zile nyembamba husafiri kama milimita 3 na kushika mapema zaidi, na kibodi nzima hukaa chini karibu na meza. Hilo la kukaa chini si urembo. Wengi wetu tunafanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula, na meza hizo kwa kawaida huwa juu kidogo kwa kuchapa. Ukiweka juu yake kibodi nene, viganja vinapinda kwenda juu na baada ya saa mbili unaanza kuvisugua. Kibodi nyembamba hukuruhusu kuandika bila ule mto wa kuegemeza viganja.

Swichi: hapa usiharakishe

Kuna aina tatu za msingi, na rangi zake zinajulikana karibu kila mahali. Nyekundu hushuka laini bila kizuizi. Kahawia ina kijigongo njiani, kidole kinahisi herufi imeshika. Bluu ina kijigongo hicho na mlio wa "ta!" juu yake. Kwa swichi nyembamba za kampuni ya Gateron zinazotumika kwenye Keychron, nguvu inayohitajika ni kama gramu 50 kwa nyekundu, 55 kwa kahawia na 60 kwa bluu. Tofauti ya gramu tano au kumi yaonekana ndogo kwenye karatasi. Zidisha kwa kila a ya ripoti ya kurasa ishirini, uone kidole kile cha mwisho kitasema nini jioni.

Logitech wanauza MX Mechanical kwa aina tatu hizo hizo, lakini ile ya kahawia wameitengeneza iwe tulivu kuliko kawaida, na mafanikio yake ni ya kweli. Haiko kimya kabisa, hakuna swichi iliyo kimya kabisa, ila mlio wake ni mzito na mfupi, haupenyi. Ukikaa kwenye ofisi ya wazi huko Upper Hill au Westlands, watu ishirini chumba kimoja na mmoja kila mara yuko kwenye mkutano wa video, hii ndiyo itakayokuweka kwa amani na jirani yako. Swichi ya bluu kwenye chumba kama hicho ni ugomvi, na kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye ukuta mwembamba ni ugomvi wa usiku. Sipendekezi bluu kwa yeyote anayeishi au kufanya kazi karibu na binadamu mwingine.

NuPhy wana chaguo pana zaidi. Swichi zao nyembamba, zilizotengenezwa na Gateron, zina majina ya mimea badala ya rangi: Aloe ni laini na nyepesi kuliko zote, Cowberry ni laini ya uzito wa kati, Wisteria ina kijigongo, Moss ina kijigongo kizito zaidi. Kwa Kiswahili ningechukua Aloe au Cowberry. Lakini Aloe ni nyepesi kiasi kwamba anayepumzisha vidole kwa uzito juu ya vitufe atajikuta ameandika herufi asizozikusudia, hasa wiki ya kwanza. Kama umezoea kibodi nzito ya raba, anza na Cowberry.

Kwa hisia ya kuandika tu, bila kufikiria kitu kingine, NuPhy inazishinda hizo mbili. Vifuniko vya vitufe vyake ni vya plastiki ngumu ya PBT ambayo haing'ai mafuta ya vidole upesi, sauti yake imetulia, na ndani wameweka tabaka za povu zinazoondoa ule mwangwi wa kopo tupu. K3 ya kwanza, ile ya bei ya chini, ina vifuniko vya plastiki ya ABS vinavyoanza kung'aa mapema, na utaona hilo kwanza kwenye A. Keychron walirekebisha kwenye K3 Pro na K3 Max kwa kuweka PBT. MX Mini iko katikati: imara, nzito kidogo kwa gramu 612, haichezi mezani, lakini hisia yake ni ya kikazi zaidi kuliko ya kufurahisha.

Muunganisho: Bluetooth peke yake haitoshi

Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi ya zamani na tanuri za maikrowevu. Katika jengo la ghorofa Roysambu au Pipeline, ambako kila nyumba ina ruta yake na unafungua orodha ya Wi-Fi ukaona majina yasiyoisha, hewa hiyo imejaa. Kibodi ya Bluetooth itafanya kazi, ila kuna siku herufi zitachelewa au herufi moja itajirudia. Pia kibodi za Bluetooth hulala ili kuokoa betri, Keychron kwa mfano baada ya dakika 10, na ukirudi kutoka kuchukua chai neno la kwanza linaweza kumezwa nusu.

Kwa hiyo risiva ya USB, kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ni jambo la kuangalia. MX Mini huja na risiva ya Logi Bolt. NuPhy Air75 V2 ina risiva yake ya 2.4 GHz. Kati ya K3 hizi za Keychron, ni K3 Max pekee yenye risiva. K3 ya kawaida na K3 Pro ni Bluetooth na waya. Risiva nayo hutumia masafa hayo hayo, lakini kibodi na risiva vinajuana vyenyewe na huamka haraka. Faida nyingine hutajwa mara chache: kompyuta huiona risiva kama kibodi ya USB ya kawaida, kwa hiyo inafanya kazi hata kabla Windows haijawaka. Kama laptopu ya kazini hudai nenosiri la diski mara tu unapoiwasha, Bluetooth haitakusaidia hapo, risiva itakusaidia.

Usichomeke risiva kwenye tundu la USB 3 lililo ubavuni mwa diski ya nje. USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel walilieleza tangu mwaka 2012, na watu wengi hulaumu kibodi bure. Hamisha risiva upande wa pili au tumia waya mfupi wa kurefusha, mambo yatatulia. Na kama una risiva ya zamani ya Logitech ya aina ya Unifying, usitarajie ifanye kazi na MX Mini. Bolt ni kitu kingine.

Waya nao una habari yake. Keychron na NuPhy ukizichomeka kwa USB-C zinaweza kutumika kama kibodi za waya. MX Mini ikichomekwa huchaji tu. Herufi bado zinapita hewani. Siku risiva imepotea na Bluetooth imegoma, mwenye MX hana njia ya tatu.

Alama ya @ iliyohama

Nairobi imejaa laptopu za mtumba kutoka Uingereza, zile wauzaji wa Moi Avenue na Luthuli huziita ex-UK. Ni laptopu nzuri. Lakini mpangilio wa vitufe vyake ni wa Uingereza, na kibodi nyingi nyembamba za mekanika zinazofika hapa ni za mpangilio wa Marekani. Ukiunganisha mbili hizo bila kubadilisha mipangilio, unabonyeza Shift na 2, kitufe kimeandikwa @, na kwenye skrini inatokea alama ya kunukuu. Unabonyeza Shift na 3, unapata alama ya pauni. Watu wamerudisha kibodi nzima dukani wakidhani ni mbovu.

Dawa ni rahisi: ingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza kibodi ya Kiingereza cha Marekani, kisha uondoe ile ya Uingereza. Hapo kibodi mpya iko sawa, ila vitufe vya laptopu yenyewe sasa havitalingana na maandishi yake. Kama unahama hama kati ya kibodi ya laptopu na ya nje siku nzima, hilo litakuchosha, na ni afadhali utafute toleo la mpangilio wa Uingereza. Logitech wanatengeneza MX Mini ya mpangilio huo. Utaitambua kwa kitufe cha Enter kilichosimama wima na kitufe kimoja cha ziada kati ya Shift ya kushoto na Z.

Angalia pia nukta ya juu, ile ya ng'ombe na ng'ambo. Iko pembeni mwa Enter, nafasi ya kidole cha mwisho cha kulia. Kwenye hizi tatu imebaki mahali pake, na ni sababu mojawapo ninayopendelea ukubwa huu kuliko zile kibodi ndogo zaidi ambazo hubana upande wa kulia na kuficha mishale nyuma ya kitufe cha Fn.

Betri, taa na stima

Logitech wanasema MX Mini hukaa hadi siku 15 taa zikiwa zimewashwa na hadi miezi 10 zikiwa zimezimwa, na tofauti hiyo kubwa inakuambia taa hula nini. Taa zake ni nyeupe tu, na zina kihisi: mikono ikikaribia zinawaka, ikiondoka zinazimika. NuPhy wameweka betri kubwa ya mAh 4000. K3 ina mAh 1550, na ukiwasha taa za rangi utaichaji mara kwa mara. Zima taa, au punguza mpaka mwisho, na tatizo linakwisha. Zote huchaji kwa USB-C, kwa hiyo chaja ya simu inatosha, na stima ikipotea power bank itasaidia, ingawa baadhi ya power bank hujizima zinapoona kifaa kinavuta umeme kidogo mno.

Maji sitasema mengi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayouzwa kwa ahadi ya kustahimili maji. Weka chai upande mwingine.

Swichi ikifa

Hapa ndipo chaguo langu linapoegemea upande mmoja. Vumbi la Nairobi, hasa Januari na Februari na hasa kama jirani anajenga, huingia kwenye swichi. Dalili ya kwanza ni herufi kujirudia: unaandika "baba" inatokea "baaba". Kwenye NuPhy, na kwenye Keychron zile matoleo yenye swichi za kuchomolewa, unavuta swichi hiyo moja kwa koleo ndogo linalokuja kwenye boksi, unachomeka nyingine, umemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Kwenye MX Mini swichi zimechomelewa kwenye bodi. Kama bado iko ndani ya dhamana unairudisha. Kama dhamana imeisha, unatafuta fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea, na yeye naye anatafuta swichi inayolingana.

Lakini kuwa makini na maneno ya muuzaji. Si kila K3 ina swichi za kuchomolewa, ni lazima iwe imeandikwa kwenye boksi. K3 za zamani zilikuwapo pia za swichi za mwanga, zinazoshika kwa mwale wa mwanga badala ya mguso wa chuma, na hizo hazipokei swichi za kawaida hata kidogo. Swichi nyembamba za kampuni ya Kailh nazo haziingii kwenye tundu za Gateron. Ukinunua swichi za akiba, nunua za familia ile ile, chache tu, uziweke kwenye droo.

Upande wa programu, K3 Pro, K3 Max na NuPhy V2 hukubali kubadilishwa kazi ya vitufe kwa programu ya VIA: unachomeka waya, unabadilisha, na mabadiliko yanakaa ndani ya kibodi yenyewe. Kwa anayetumia kompyuta ya ofisi iliyofungwa na watu wa IT, ambayo hairuhusu kusakinisha chochote, hii ni faida kubwa, kwani unaipanga nyumbani na kuibeba kazini ikiwa tayari. MX Mini hutegemea programu ya Logi Options+ kwenye Windows au Mac. Ni programu nzuri kama unaruhusiwa kuiweka.

Kama wewe ni mhasibu unayejaza VAT kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi, usijilazimishe kwenye kibodi zisizo na ubao wa namba. Chukua MX Mechanical kubwa, Keychron K5 au NuPhy Air96. Na kama unaandika barua pepe chache kwa siku basi, Logitech K380 ya betri mbili ndogo za AAA si ya mekanika, lakini ni nyepesi, huunganishwa na vifaa vitatu, na hela zitakazobaki zina kazi nyingine.

Nani achukue ipi

Anayekaa ofisi ya wazi na hataki kusumbuana na mtu, na anataka kitu atakachopata dukani mjini chenye dhamana, achukue MX Mechanical Mini ya swichi tulivu. Ilipotoka iliuzwa dola 149.99 Marekani, kwa hiyo si ya bei ya chini.

Anayeandika nyumbani saa nyingi, kazi yake ni maneno na si kitu kingine, achukue NuPhy Air75 V2 ya Cowberry. Mara nyingi itabidi aiagize kutoka nje, ajumlishe nauli, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha kabla ya kufurahia bei aliyoiona.

Anayebeba kibodi kwenye mkoba kila siku, Rongai hadi mjini na kurudi, leo laptopu yake, kesho ya mteja, achukue Keychron K3 Max ya swichi za kuchomolewa, nyekundu. Hii ndiyo ninayompa anayeniuliza bila kunieleza mengi, kwa sababu ina Bluetooth, risiva na waya, hurekebishika mezani, na bei yake ni ya chini kati ya tatu hizi. Haimshindi NuPhy kwa utamu wa kuandika wala Logitech kwa utulivu, lakini haikuachi njiani. K3 ya kawaida, isiyo na risiva, inunue tu kama laptopu yako ina Bluetooth ya kuaminika na bei imepungua sana.

Ukifika dukani usiridhike na kubonyeza kitufe kimoja kwenye kona. Omba iunganishwe na simu yako, fungua ukurasa wa kuandika, na uchape aya nzima ya Kiswahili yenye ng' na a nyingi, mkono wa kushoto ukiwa mahali pake. Sikiliza kitufe cha nafasi na Enter, maana ndivyo hutetereka kwanza. Bonyeza Shift na 2 uone kinachotokea. Kisha fungua boksi mbele ya muuzaji uhakikishe risiva imo, kwani huwa ni ndogo kama ukucha na mara nyingi imefichwa kwenye karatasi ya chini, na kibodi iliyowahi kufunguliwa dukani huweza kuuzwa bila hiyo. Risiti iandikwe jina kamili la toleo, K3 Max na si K3 tu, pamoja na muda wa dhamana.